Vidonda vya mdomoni Lubaga: tupige hesabu ya mwaka mzima

Lubaga ni moja ya divisheni tano za jiji la Kampala, na sensa ya mwaka 2014 ilikuta humo watu wapatao 383,000. Vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, vile vyeupe vyenye ukingo mwekundu vinavyotokea ndani ya shavu, chini ya ulimi au nyuma ya mdomo wa chini, humpata takriban mtu mmoja kati ya watano duniani katika kipindi fulani cha maisha yake. Tukitumia uwiano huo, Lubaga peke yake ina watu kama 76,000 wanaovijua kwa maumivu yao wenyewe, kuanzia Busega na Nateete hadi Kasubi na Nakulabye. Kila mmoja akitumia shilingi 20,000 kwa mwaka, jumla inapita shilingi bilioni 1.5.

Hiyo 20,000 ni kadirio langu la chini, na hapa chini nitaonyesha ilikotoka. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo hutumika kungoja. Inanunua dawa za kidonda ambacho kingepona chenyewe, huku kipimo kimoja cha damu ambacho kingewafaa baadhi ya wagonjwa kikiachwa kwa kuonekana ghali.

Tuanze na kidonda chenyewe, kwa kuwa ukubwa wake na siku zake ndizo zinazoamua gharama. Katika kila wagonjwa kumi, wanane hivi hupata aina ndogo: kidonda kisichofika sentimita moja, kinachopona ndani ya siku 7 hadi 14 bila kuacha kovu. Kama mmoja kati ya kumi hupata aina kubwa inayozidi sentimita moja, ambayo yaweza kudumu kwa wiki nyingi na kuacha kovu. Waliobaki hupata vidonda vidogo sana vya milimita moja hadi tatu, vingi kwa pamoja, wakati mwingine hadi mia. Aina zote tatu haziambukizi. Mama anayemtengea mwanawe kikombe kwa sababu ya kidonda cha ndani ya shavu anajisumbua bure. Ya kujihadhari nayo ni malengelenge yanayotokea juu ya midomo, kwa kuwa hayo huletwa na virusi.

Sasa twende dukani. Maduka madogo ya dawa yamejaa kandokando ya barabara za Nateete na Nakulabye, na mtu mwenye kidonda huanzia hapo. Hufika siku ya tatu au ya nne, maumivu yakiwa yamekolea na hata chai ya vuguvugu haipiti. Muuzaji humhesabia vidonge kwenye bahasha ndogo, huandika juu yake kwa kalamu 1x3, humwongezea mrija wa jeli ya kupaka na vidonge vya maumivu. Bei hutofautiana kwa mtaa na kwa duka, kwa hiyo hizi zichukue kama mfano kisha uweke zako: antibiotiki shilingi 5,000, jeli 8,000, dawa ya maumivu 3,000. Jumla 16,000. Anayepata vidonda mara moja kwa mwaka na kurudi dukani kidogo mara ya pili anafika kwenye ile 20,000 yangu. Anayevipata mara tano kwa mwaka, na wako wengi, anatumia 80,000.

Kati ya vitu hivyo vitatu, antibiotiki ndiyo inayoniuma. Vidonda hivi havitokani na bakteria, kwa hiyo amoksisilini na metronidazoli haviondoi chanzo chochote. Lakini tazama kalenda. Mgonjwa ameanza vidonge siku ya nne, akavimaliza siku ya tisa, na siku ya kumi kidonda kimefunga. Kidonda kilikuwa na miadi yake ya siku 7 hadi 14, na dawa ikapokea sifa. Mara nyingine atanunua ile ile, na jirani yake atamwelekeza mwenzake. Hivyo ndivyo Lubaga inavyolipia kalenda, na hivyo ndivyo bakteria wengine mwilini wanavyozoea dawa ambazo siku moja tutazihitaji kwa homa ya mapafu.

Jeli na dawa ya maumivu nisizionee. Jeli yenye dawa ya kufa ganzi humwezesha mtu kula, na hilo ni jambo kubwa kwa mtoto anayekataa chakula. Mafuta ya kupaka yenye steroidi, kama triamsinoloni ya asilimia 0.1, hupunguza siku na ukali yakianza kupakwa mapema, mtu anapohisi mchomo wa kwanza. Yakianza siku ya nne, umenunua faraja kidogo kwa bei kamili.

Chumvi ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Nusu kijiko cha chai, yaani gramu tatu hivi, katika glasi ya maji ya vuguvugu, unasukutua na kutema mara nne kwa siku. Kwa siku kumi ni glasi 40, sawa na gramu 120. Pakiti ya nusu kilo ikiuzwa shilingi 2,000, kila glasi inakugharimu shilingi 12, na kidonda kizima kinakugharimu chini ya 500. Chumvi haifupishi sana safari ya kidonda, lakini husafisha na kutuliza, jambo ambalo vidonge vya 5,000 havikulifanya. Chembe za chumvi kavu usizibandike juu ya kidonda. Maumivu yake si dalili ya kupona. Asali nayo imejaribiwa Saudi Arabia kwa wagonjwa wasiofika mia, ikafanya vizuri. Kwa aliye nayo nyumbani, kupaka kidogo mara chache kwa siku hakuna hasara, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Hapo tumeongelea kidonda kimoja. Swali zito ni kwa nini kinarudi.

Mwaka 1975 madaktari wa Glasgow, Uskoti, walichapisha utafiti ambao hadi leo ndio ninaouamini zaidi kwa jambo hili, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi kufuata. Waliwapima damu wagonjwa 130 wa vidonda vinavyojirudia, wakitafuta upungufu wa madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Waliokutwa na upungufu walikuwa 23: chuma 15, foleti 7, B12 watano, wanne kati yao wakipungukiwa zaidi ya kitu kimoja. Katika watu wengine 130 wa umri na jinsia ileile wasio na vidonda, wenye upungufu walikuwa 11 tu. Kisha wale 23 wakapewa kile walichopungukiwa na kufuatiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Kumi na watano vidonda vyao vilikoma kabisa, na wanane waliobaki walipata nafuu ya wazi. Hakuna hata mmoja aliyebaki vilevile. Kwa wale 107 wasio na upungufu, waliotibiwa kwa kupaka tu, waliopona au kupata nafuu walikuwa 33.

Soma namba hizo mara mbili, kwa kuwa zinasema mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kwa mwenye upungufu, kuurekebisha ni tiba halisi. Lakini wagonjwa zaidi ya wanne kati ya watano hawakuwa na upungufu wowote, na kwao maini na vidonge vya vitamini havikuwa na pengo la kuziba. Anayekwambia kula hiki vidonda viishe hajui uko kundi gani, na wewe pia hujui mpaka upime.

Je, kupima kunalipa? Tuchukue kipimo cha picha kamili ya damu kwa shilingi 30,000 katika maabara binafsi, bei ya mfano tena. Ukiwapima wagonjwa mia kwa uwiano wa Glasgow, utatumia milioni tatu na kuwapata 18. Kila aliyepatikana amegharimu karibu 167,000. Ikiwa alikuwa akitumia 80,000 kwa mwaka dukani, gharama hiyo inarudi baada ya miaka miwili na kidogo. Hesabu hiyo ni ya kusuasua, sikatai, na haifai kumpeleka maabara kila mwenye kidonda kimoja kwa mwaka.

Lakini Lubaga haiko Glasgow. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 32 ya wanawake wa Uganda wa miaka 15 hadi 49, asilimia 16 ya wanaume, na asilimia 53 ya watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Upungufu wa damu una sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, kwa hiyo namba hizo haziwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye vidonda. Ila ni haki kutarajia kwamba mwanamke wa Ndeeba mwenye hedhi nzito, anayechoka kupanda kilima kwenda kanisa kuu na kupata vidonda kila mwezi, yuko karibu zaidi na wale 23 kuliko wale 107. Kwa watu wa namna yake, tukimpata mmoja katika kila watatu, gharama ya kumpata inashuka hadi 90,000, na inarudi baada ya mwaka mmoja na wiki chache. Hao ndio ningewapeleka maabara kesho asubuhi.

Tena si lazima iwe maabara ya kulipia. Ada za wagonjwa kwenye vituo vya serikali ziliondolewa Machi 2001, na divisheni hii ina kituo cha afya cha Kawaala kilicho chini ya mamlaka ya jiji la Kampala (KCCA). Foleni huwa ndefu na kemikali za kupimia huweza kukosekana, kwa hiyo uliza mapema kabla ya kufunga duka au kuacha kibarua. Hospitali kongwe za misheni zilizo juu ya vilima hivi, Mengo iliyoanza 1897 na Lubaga iliyoanza 1899, hutoza ada. Popote utakapokwenda, omba upewe karatasi ya majibu na umwombe mhudumu akueleze ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe ndogo kuliko kawaida huelekeza kwenye upungufu wa chuma. Kubwa kuliko kawaida huelekeza kwenye B12 au foleti. Kipimo hiki hakioni kila upungufu, hasa unaoanza. Cha kupima akiba ya chuma yenyewe kipo pia, kwa bei ya juu zaidi.

Sasa sahani. Nitahesabu kwa vyakula vinavyouzwa soko la Nakulabye, si kwa vyakula vya magazeti ya ng'ambo.

Mtu mzima anahitaji kila siku mikrogramu 400 za foleti na mikrogramu 2.4 za B12. Chuma ni miligramu 8 kwa mwanaume na 18 kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Matoke, ambayo hujaza sahani nyingi za hapa, yana chuma chini ya miligramu moja kwa kila gramu 100, na B12 hayana kabisa. Kwa hiyo kazi yote inabaki kwa mchuzi na mboga. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, gramu 175, kina foleti kama mikrogramu 228 na chuma karibu miligramu 4. Gramu 200 za dodo iliyopikwa, yaani mchicha wetu, zina foleti 114 na chuma miligramu 4.5. Jumla ni foleti 342 na chuma kama 8.4. Foleti ya siku imekaribia kutimia. Chuma cha mwanaume kimetimia kwenye karatasi. Cha mwanamke hakijafika nusu.

Nimesema kwenye karatasi kwa sababu chuma cha mimea huingia mwilini kidogo. Anayekula mimea mitupu hufyonza asilimia 5 hadi 12 ya chuma alichokula. Anayechanganya na nyama au samaki hufyonza 14 hadi 18. Ndiyo maana kijiko cha mukene, yaani dagaa, kwenye mchuzi wa karanga kina thamani zaidi kuliko kinavyoonekana, na ndimu iliyokamuliwa juu ya dodo hufanya kazi hiyohiyo kwa shilingi chache.

Kuhusu B12, maharage na dodo havina hata chembe. Nusu lita ya maziwa inatosheleza siku nzima, mikrogramu 2.6 au zaidi kidogo. Yai moja lina nusu mikrogramu. Kipande cha maini ya ng'ombe cha gramu 85 kina takriban 70, ambayo kwa kugawanya tu ni mahitaji ya karibu wiki nne. Ila utumbo hauna uwezo wa kuchukua kiasi hicho kwa mkupuo, hufyonza sehemu ndogo na kuacha nyingine ipite. Kidogo cha kila siku kinashinda karamu ya mara moja. Maini pia yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha, na mjamzito ayaache.

Bei sasa, za mfano tena. Maharage kilo 4,500, na kikombe kilichopikwa hutokana na gramu 70 hivi za makavu: shilingi 315. Nusu fungu la dodo 500. Nusu lita ya maziwa 1,200. Ndimu na mukene kidogo, tuseme 500. Jumla ni kama 2,500 kwa siku, au 75,000 kwa mwezi, ambayo ni karibu sawa na gharama ya duka la dawa ya mwaka mzima! Hapa makala nyingi za lishe hukwepa. Chakula bora si tiba ya bei rahisi ukikihesabu kama dawa. Kinaeleweka tu kwa sababu utakula vyovyote vile. Anayekula kikomando, yaani chapati na maharage, kila jioni tayari analipia maharage, na chapati imemshibisha bila kumpa kingi kati ya vitu hivi. Kwake gharama ya kweli ni dodo na ndimu, chini ya 1,000, na anaweza kuipunguza kwa kuacha chapati ya pili. Maini kwa kilo 18,000 yanampa gramu 100 kwa 1,800, mara nne kwa mwezi 7,200. Hiyo mtu anaweza kuipanga.

Kuna badiliko moja lisilogharimu hata shilingi. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walipima kiasi cha chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mlo wa nyama. Kikombe cha chai pamoja na mlo kilipunguza ufyonzaji kwa asilimia 64, kahawa kwa 39. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikupunguza kitu. Iliyonywewa saa moja baadaye ilipunguza kama iliyonywewa pamoja na chakula. Chai ya maziwa ya Kampala inakuletea B12 kwa mkono mmoja na kukunyima chuma kwa mwingine. Inywe saa moja kabla ya kula, au ikae mpaka katikati ya asubuhi.

Unga nao una hesabu yake. Tangu 2011 sheria ya Uganda inawataka wasagaji wakubwa wa ngano na mahindi, wanaozidi tani 20 kwa siku, waongeze chuma, zinki, foleti na B12. Unga wa posho kutoka mashine ndogo, kama zile nyingi za Kisenyi hapo jirani, hauko chini ya sharti hilo. Familia inayonunua unga wa mfuko wenye alama ya kurutubishwa inapata nyongeza hiyo kila siku bila kufikiri.

Na vidonge? Watafiti wa Israeli mwaka 2009 waliwapa watu 31 vidonge vya B12 vya mikrogramu 1,000 kila usiku chini ya ulimi kwa miezi sita, na wengine 27 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Mwezi wa mwisho asilimia 74 ya kundi la kwanza hawakuwa na kidonda chochote, dhidi ya 32 ya kundi la pili. Nafuu hiyo haikutegemea kiwango cha B12 cha mwanzo kwenye damu. Ni utafiti mdogo, lakini B12 haina sumu kwa viwango hivyo, na kwa mtu anayetumia 80,000 kwa mwaka bila mafanikio ningesema ajaribu miezi sita kamili, si siku kumi. Chuma ni jambo jingine. Vidonge vyake visimezwe bila kipimo, na vikae mbali kabisa na watoto. Vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Nanasi, karanga, nyanya, kahawa na chokoleti hulaumiwa sana. Baadhi ya watu kweli huchokozwa na kimojawapo. Acha kimoja kwa wiki nne, kisha kirudishe uone. Ukiacha vyote kwa pamoja hutajua kipi, na kwa karanga utakuwa umetupa chakula kizuri bure. Dawa ya meno yenye povu kali la sodiamu laurili salfeti ilishukiwa baada ya jaribio la Oslo la 1994, ambapo watu kumi walishuka kutoka wastani wa vidonda 14.3 hadi 5.1 walipoiacha. Jaribio la Uingereza la 1999, lenye watu 47, halikuona tofauti. Mrija ukiisha, soma maandishi ya nyuma kabla ya kununua mwingine, na usitupe ulio nusu.

Hesabu zote hizi hukoma wiki ya tatu. Kidonda kisichofunga baada ya wiki tatu, hasa kwa mvuta sigara au mnywaji wa pombe kali, kinatakiwa kuonwa na daktari wa meno siku hiyohiyo, kwa kuwa saratani ya mdomo huanza hivyo bila maumivu makubwa. Vidonda vinavyokuja na homa, kukonda, macho mekundu au vidonda sehemu za siri, navyo si vya chumvi. Utando mweupe unaokwanguka ni fangasi, na kwa mtu mzima asiyejua hali yake ni sababu ya kupima VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi kwa asilimia 6.2 ya watu wa miaka 15 hadi 64, na kipimo na dawa hutolewa bure kwenye vituo vya serikali.

Kwa yule aliyekutwa na upungufu, kuna hatua moja inayosahaulika sana: kujua ulikotoka. Hedhi nzito, minyoo ya safura, damu inayovuja tumboni kwa vidonda vya tumbo. Wenye kisukari wanaomeza metformini kwa miaka mingi hupungukiwa B12 polepole, na wanaotumia omeprazoli kwa muda mrefu vilevile. Wengi wao huhudhuria kliniki kila mwezi au kila miezi mitatu na kutolewa damu ya kupima sukari. Wamweleze mhudumu juu ya vidonda vya mdomoni siku hiyohiyo, wakati mkono tayari uko mezani.